Tagi Kwenye Kona ya Picha

Picha za meli zikiingia bandari ya Mombasa zimejaa katika simu zetu. Nyingi hupigwa kwenye bustani ya Mama Ngina, pale mlango wa Kilindini unapobana kiasi kwamba meli huonekana kama jengo linalotembea nyuma ya wauza madafu. Ukizipanga pamoja, utaona zinafanana mno. Meli imejaa pichani, makontena yamepangwa kama matofali, jina limeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa. Chini, kwenye kona, kuna kitu kidogo kimekatwa nusu. Hiyo ndiyo tagi, boti ya kuvuta na kusukuma meli.

Wahenga wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi naona kwamba tunaambiwa kila siku, na wanaotuambia ni picha tulizoziona kabla ya kuinua simu zetu.

Chukua mchoro maarufu kuliko yote yenye tagi ndani yake, *The Fighting Temeraire* wa J.M.W. Turner, ulioonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1839 na sasa uko National Gallery, London. Temeraire ilikuwa manowari iliyopigana Trafalgar mwaka 1805. Mwaka 1838 ilivutwa katika mto Thames kwenda kuvunjwa. Turner ameichora nyeupe kama mzuka, milingoti yake ingali imesimama, jua likizama. Mbele yake ameweka tagi nyeusi ya mvuke inayotapika moshi mwekundu. Kwa kweli tagi zilikuwa mbili, na milingoti ilikuwa imekwisha kung'olewa. Simlaumu Turner kwa hilo. Mchoraji hana deni la kuwa karani wa bandari. Lakini angalia alichokipata kwa kubadilisha: shujaa mmoja na mzishi mmoja. Huruma yetu yote imekwenda kwa meli. Waliokuwa kazini siku ile, wakipambana na maji ya mto na mzigo usioweza kujiendesha, wamegeuzwa kuwa rangi ya msiba.

Ruka miaka 180 na zaidi. Tarehe 23 Machi 2021 meli ya Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ilikwama kwa upana katika Mfereji wa Suez na kuuziba. Kwa siku sita dunia ilicheka. Picha iliyosambaa zaidi ilikuwa ya katapila moja likichokoa mchanga chini ya omo ya meli, dogo kama mdudu. Tuliigeuza kichekesho kuhusu maisha yetu: katapila ni mimi, meli ni madeni. Tagi zaidi ya kumi zilizokuwa zikivuta na kusukuma usiku na mchana zilionekana tu siku ya mwisho, meli iliponasuka kwa msaada wa uchimbaji na maji ya bamvua, zikapiga honi. Kwa Turner tagi ni mzishi. Huku ikawa muujiza. Katika picha zote mbili, ili ionekane, ilibidi kwanza meli ife au ikwame.

Hapo ndipo lilipo tatizo la picha hizi, kwa sababu kazi ya tagi ni kuhakikisha kwamba hakuna kinachotokea. Usukani wa meli hutegemea maji yanayoupita. Meli ikipunguza mwendo ili iingie mahali pembamba, usukani hulegea wakati ule ule nahodha anapouhitaji zaidi. Ndiyo maana tagi hufungwa kwa kamba nyuma, tezini. Asiyejua hudhani inaburutwa. Kumbe hiyo ndiyo breki, na ndiyo usukani wa pili. Inaweza kuwa imesimama kabisa, injini zikinguruma kwa nguvu zote. Na ni kazi ya hatari: kamba ikiivuta kwa ubavu, tagi inaweza kupinduka kabla wafanyakazi hawajapata nafasi ya kuruka.

Picha ya mnato inaiona tagi hiyo na kusema imepumzika. Kwa hiyo sidai kwamba tuisogeze tu tagi katikati ya picha. Tukifanya hivyo tutapata boti nzuri yenye rangi kali, pambo jingine. Picha ninayoitamani ingefuata kamba. Ingetuonyesha imekaza au imelegea, inatoka wapi na imefungwa wapi. Ingeonyesha povu linalotibuliwa na pangaboi za boti isiyokwenda popote, na mtu aliyesimama mbali na kamba kwa sababu anajua ikikatika itafanya nini. Kwa kazi hii, video ya dakika tatu isiyo na muziki inaishinda picha kali ya kamera ghali.

Lugha yetu nayo imeshiriki usahaulifu huu. Rubani, kabla ya ndege, alikuwa mtu wa bahari, yule anayeijua njia ya maji na kuipitisha meli. Bandarini bado yupo, hupanda melini na kuzielekeza tagi. Lakini leo ukitaja rubani, watu hutazama juu.

Dau la mnyonge haliendi joshi, tunasema, na picha zetu zinakubali: dogo limewekwa pale ili kubwa lionekane kubwa. Mlango wa Kilindini unatoa ushahidi tofauti kila siku. Feri za Likoni husubiri, meli inapita, feri zinaendelea, na maelfu ya watu wanafika kazini bila kujua kwamba kulikuwa na jambo la kuogopa. Anayetaka kulipiga picha jambo hilo aanze kwa kuuliza swali ambalo picha zetu hazijauliza: kamba ile, nani ameishika?