Neno Dogo na Kosa Kubwa

Msomaji, kila aibu hutafuta nguo ya kujifunika. Hongo imepata nguo nyingi katika lugha yetu. Huitwa chai, huitwa kitu kidogo, huitwa shukrani kabla ya jambo la kushukuriwa kutendwa. Msemo wa zamani wasema, Penye udhia penyeza rupia. Nafasi ya rupia ilichukuliwa na sarafu nyingine katika nchi hii tangu mwaka 1920, lakini kupenyeza hakukukoma.

Mwaka 2001 mwanamuziki Eric Wainaina alitoa wimbo uitwao "Nchi ya Kitu Kidogo". Tuupime pamoja, maana ulisema hadharani yale ambayo watu walizoea kuyanong'ona vibarazani na ndani ya matatu. Wakati huo KANU ilikuwa imetawala tangu mwaka 1963, na kuwaimbia wakubwa aibu yao halikuwa jambo jepesi.

Uzuri wa kwanza wa wimbo huu ni uteuzi wa maneno. Mtunzi alilitwaa neno la mwombaji mwenyewe, akalirudisha katika maana yake ya asili. Atakaye chai huelekezwa Limuru, kwenye mashamba ya chai! Neno likisharudi kwao, kosa hubaki uchi. Mwombaji hana pa kujificha, kwa kuwa amechekwa kwa ulimi wake mwenyewe. Na kicheko hufika pasipofika hotuba: hotuba husikilizwa mara moja ikasahauliwa, bali wimbo hurudiwa hata na mtoto atumwaye dukani.

Uzuri wa pili umo katika jina lake. Halikutaja kituo cha polisi wala ofisi; lilitaja nchi. Na nchi ni wewe na mimi. Hongo ina mikono miwili, mmoja hutoa na mmoja hupokea.

Hata hivyo, hapa ndipo penye upungufu. Wimbo humwelekea zaidi mpokeaji, na utamu wa sauti humpa msikilizaji nafasi ya kucheza kana kwamba anayeimbiwa ni jirani. Ni rahisi kuuimba huku ukimfikiria askari wa barabarani; ni vigumu kuuimba huku ukiifikiria noti uliyoikunja mwenyewe ili usicheleweshwe. Ningalipenda mtoaji naye asimamishwe kizimbani kwa muda mrefu zaidi.

Wako watakaosema kwamba wimbo haukufaa kitu. KANU ilishindwa katika uchaguzi wa Desemba 2002, Bunge likapitisha sheria ya kupambana na ufisadi mwaka 2003, na bado kitu kidogo hakikutoweka. Hoja hiyo yadai mno. Kufunga wezi ni kazi ya mahakama. Kazi ya wimbo ni kuiamsha dhamiri iliyolala. Neno lililokuwa likitamkwa bila haya sasa lina mwangwi wa kicheko nyuma yake.

Basi, msomaji, usikiapo maoni matamu juu ya siasa, yawe ya mwimbaji, ya gazeti au ya mchekeshaji, jiulize maswali mawili. Je, yamelivua nguo neno gani? Na je, mkono wangu umo katika jambo hili? Ajiulizaye la kwanza tu amecheza ngoma. Ajiulizaye yote mawili amesikiliza.