Video za Upasuaji wa Sikio na Tatizo la Majina

Tangu YouTube ianzishwe mwaka 2005, madaktari wa nchi nyingi wameweka humo video za upasuaji wa sikio: kutoboa kiwambo na kupachika kijibomba cha kupitishia hewa, kuziba kiwambo kilichotoboka, kuchimba mfupa ulio nyuma ya sikio. Wanafunzi wa udaktari huzitazama, na hapana budi tuzipime kama vile vitabu vya kiada vipimwavyo. Idadi ya watazamaji si kipimo cha mafundisho.

Kwa upande wa picha zastahili sifa. Kikuku, mfupa mdogo kuliko yote mwilini, wenye urefu wa milimita 3 hivi, huonekana waziwazi kuliko katika mchoro wowote wa kitabuni. Kasoro i katika maneno. Nyingi ni bubu, au zimetiwa muziki. Mkono wa daktari hupita pasipo kusemwa ni kitu gani kimekwepwa, na kwa nini. Nyingine hukatwa palepale kazi ilipokuwa ngumu, kisha huishia kwenye mshono, bila kutaja kama mgonjwa alipata kusikia. Mwongozo wa LAP-VEGaS, uliotolewa mwaka 2018 kwa ajili ya video za upasuaji wa tumbo, hutaka matokeo yaelezwe. Sikio nalo lina haki hiyo.

Mfasiri atakayetia maandishi ya Kiswahili chini ya picha hizo asidhani kazi yake ni nyepesi. Neva ya uso hupita ndani ya mfupa uleule unaochimbwa. Ikikatwa, upande mmoja wa uso hupooza. Akiandika "mshipa wa uso", kama tulivyozoea, mwanafunzi ataelewa nini? Mshipa kwetu ni wa damu, ni wa fahamu, na wapo waitao hivyo hata ngiri. Anayehofia damu na anayehofia kupooza hawashiki chombo kwa namna moja. Vivyo hivyo "kutoboa sikio" ni habari ya hereni, wala si ya hospitali.

Kwa maoni yangu "neva" litumike bila kusita, ingawa wapo wanaolichukia kwa ugeni wake. Tena "kiwambo" kitangulie "ngoma", kwa kuwa ngoma ni chombo kizima, ilhali kinachotobolewa ni ule utando uliowambwa tu. Nyundo na fuawe hazina mgogoro. Kikuku kinao, maana wengi wakilisikia neno hilo hukumbuka bangili kabla ya kumkumbuka mpanda farasi.