Kukua kwa Uchumi ni Kukua kwa Nani?

Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa hapa Dodoma Julai 2025, imeweka lengo la uchumi wa dola trilioni moja na pato la wastani la dola 7,000 kwa kila mtu. Makada wengi wamekwisha kuzikariri tarakimu hizo. Tulipowauliza wanafunzi wetu dola hizo zitakuwa mikononi mwa nani, darasa likawa kimya.

Hatuipingi Dira. Tunachokosoa, tukiwa ndani ya Chama, ni kipimo. Wastani ni hesabu ya kugawanya, lakini haugawi mali. Mwenye ng'ombe mia na jirani yake asiye na hata mbuzi, kwa wastani kila mmoja ana ng'ombe hamsini.

Tuchukue alizeti, zao linalostahimili ukame wetu wa Dodoma na Singida. Taifa bado huagiza sehemu kubwa ya mafuta ya kula, hasa mawese ya Malaysia na Indonesia. Bei ya dunia ilipopanda mwaka 2021 na 2022, mama wa mjini aliumia dukani. Milango ilipofunguliwa zaidi kwa mafuta ya nje, aliyeumia ni mkulima: mwaka 2023 bei ya mbegu zake iliporomoka, na mwaka huohuo nchi ikahangaika kutafuta dola. Katika hesabu za uchumi, lori la mawese linalopita Kibaigwa ni ukuaji. Mashine ya kukamua alizeti iliyosimama kijijini haiandikwi popote. Mlaji na mkulima wamegombanishwa, na faida imebaki kwa mwagizaji. Huu ndio mgongano ambao kada anapaswa kuuona kabla ya kushangilia asilimia.

Madeni nayo yapimwe hivyohivyo. Februari 2020 ulisainiwa mkopo wa dola bilioni 1.46 kwa ajili ya reli ya kisasa ya Dar es Salaam hadi Makutupora. Reli si adui. Tangu 2024 tunaipanda wenyewe kutoka Dodoma. Lakini dola hulipwa kwa dola. Reli ikishusha bandarini mafuta na mashudu ya alizeti, itasaidia kulipa deni lake. Ikipandisha bara bidhaa za wenzetu tu, tutakuwa tumekopa ili tununue zaidi.

Na jikoni je? Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, umeme wa maji yetu wenyewe. Hata hivyo nishati safi inayohubiriwa zaidi mikutanoni ni mtungi wa gesi, na gesi hiyo huagizwa kutoka nje. Tunamtoa mwananchi kwenye mkaa, jambo jema kwa miti ya Kondoa na Chamwino, kisha tunamfunga kwenye bei asiyoweza kuijadili.

Tujikosoe pia. Azimio la Arusha lilionya mwaka 1967 juu ya kutegemea mikopo, nasi tulilifundisha huku viwanda vikijengwa kwa mikopo, mpaka mwaka 1986 tukakubali masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Nadharia tulikuwa nayo. Matawi hayakuitumia kuuliza maswali.

Basi taarifa ya tawi ianze na haya: debe la alizeti limeuzwa shilingi ngapi, lita ya mafuta imenunuliwa shilingi ngapi, na mashine ya kijiji imefanya kazi siku ngapi.