Rangi ya Mafuta Juu ya Mabati

Fundi wa mabango akifika kwenye kibanda cha kinyozi hapa mtaani Langas, haanzi na rangi. Anaanza na msasa. Anasugua mabati, akikawia pale kutu ilipozunguka misumari, kisha anayapangusa kwa kitambaa kilicholowa tapentaini. Anapaka rangi ya msingi ya kuzuia kutu na kuiacha ikauke kabisa, hata mwenye kibanda akilalamika kwamba siku ya biashara inapotea.

Kichwa cha mteja anakichora kwa chaki. Mabati yana migongo na mabonde, hivyo mstari ulionyooka ukiwa karibu hupinda ukiutazama kwa mbali. Anachora kidogo, anarudi nyuma hadi ukingoni mwa barabara, anapisha bodaboda, anatazama. Anarudi kufuta sikio kwa kidole gumba na kulichora upya, chini zaidi.

Sasa ndipo makopo yanafunguliwa. Shavu analijaza kahawia moja tu, kisha kivuli anakikata kwa buluu tupu.

“Fundi, mbona amekuwa buluu?” kinyozi anauliza.

“Hicho ni kivuli, boss. Hebu vuka ng’ambo uangalie.”

Anavuka, na kutoka kule shavu limeinuka.

Rangi kama hiyo usoni si ngeni: mwaka 1905, mchoraji Henri Matisse alimchora mkewe kwa mstari wa kijani katikati ya uso. Leo picha hiyo inatunzwa katika jumba la makumbusho. Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia vibao vya bei nafuu na rangi ya baiskeli. Fundi wetu namhesabu katika ukoo huo. Ila picha yake haina kiingilio: anayeitazama anasubiri zamu ya kunyolewa.

Herufi ndizo zinazonishika zaidi. Mkono wa kushoto unashika fimbo iliyofungwa kitambaa nchani. Anaiegemeza kwenye mabati, na kifundo cha mkono wa kulia kinatulia juu yake. O anaivuta mara mbili, kushoto kisha kulia, na pale mivuto ya brashi inapokutana hupaoni. Tone likianza kuchuruzika analidaka kwa kona ya kitambaa. Zikishakauka, kila herufi anaipa kivuli chekundu upande wa kulia, chembamba, chenye upana uleule kuanzia K hadi I ya mwisho, ili abiria wa matatu inayopita aweze kusoma KINYOZI kabla gari halijamaliza kona.