Chati Isiyofika Kijijini

Yapo maandishi yasiyouzwa dukani wala kutajwa mwandishi wake, lakini husomwa na kila mtu aingiaye katika ofisi ya umma. Mojawapo ni chati ya muundo wa uongozi itundikwayo ukutani: visanduku vyenye vyeo na majina, vimeunganishwa kwa mistari, mkubwa juu na wadogo chini. Nimesoma chati za namna hiyo katika ofisi za Karagwe na Kyerwa nikisubiri zamu yangu, kama wasubirivyo wengine, na naona zastahili kuhakikiwa kama tuhakikivyo kitabu. Chati nayo husimulia, na kila asimuliaye huchagua la kusema na la kuacha.

Zamani chati ilichorwa kwa rula na wino. Siku hizi hutolewa na programu ya utumishi. Ndani ya kompyuta kila mtumishi ana rekodi yake: jina, cheo, kituo cha kazi na jina la mkuu wake. Programu husoma hicho kipengele cha mwisho, ikamfunga kila mtu kwa mkuu wake, na mti ukawa tayari kuchapwa. Faida yake si ndogo. Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, ikama moja ilibidi izae mbili, na kila idara ikahitaji mkuu wa pili. Kuchora upya mambo kama hayo kwa rula ni kazi ya siku nyingi. Kwa programu, ukisahihisha rekodi, mchoro nao hujisahihisha. Tena nafasi iliyo wazi huonekana wazi, na hilo pekee ni msaada kwa anayepanga ajira.

Shaka yangu ya kwanza imo katika maneno hayo “mkuu wake”. Mti wa kawaida wa programu humpa mtumishi mkuu mmoja tu. Lakini mtazame afisa ugani wa kata. Kiutawala yuko chini ya mtendaji wa kata. Kitaalamu anawajibika kwa idara ya kilimo wilayani. Mwalimu wa shule ya msingi ndiye zaidi: ajira na nidhamu yake ni mambo ya Tume ya Utumishi wa Walimu, uendeshaji wa shule uko chini ya halmashauri na TAMISEMI, na sera na mitaala hutoka Wizara ya Elimu. Katika chati ananing'inia kwa uzi mmoja. Siku akiwa na madai yake, ndipo atakapogundua kwamba nyuzi ni tatu, na kila mshikaji anamwonyesha mwenzake.

Shaka ya pili ni ya karatasi. Mti huu hupanuka kadiri unavyoshuka. Kila moja ya wilaya hizi mbili ina kata zaidi ya 20. Karatasi ya A4 ikilazwa ina upana wa sentimita 29.7, ukipanga visanduku 20 katika mstari mmoja, kila kimoja hakipati hata sentimita moja na nusu. Maneno “Mtendaji wa Kata ya Nkwenda” hayaenei humo, na hata yakienea hayasomeki. Basi mchapaji hufanya mojawapo ya mambo mawili: hugandisha karatasi kadhaa kwa gundi, au huiambia programu ikomee ngazi ya tatu. Aghalabu la pili ndilo rahisi. Hivyo kinachokatwa kwa kukosa nafasi ni zahanati, shule na kijiji, yaani mahali pale mwananchi anapokutana na Serikali yake.

Lakini hata karatasi ingekuwa pana kama jamvi, kuna watu wasingeonekana. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 inaufanya mkutano mkuu wa kijiji, wenye wakazi wote watu wazima, kuwa mamlaka ya juu ya kijiji kile. Mtendaji wa kijiji ni katibu wa halmashauri ya kijiji, na mwenyekiti wake huchaguliwa kwa kura. Programu haiwajui watu hawa. Mwenyekiti hana cheki namba. Diwani si mtumishi. Wanakijiji ndio kabisa. Mama anayekwenda kulalamikia mpaka wa kibanja chake, akiisoma chati hiyo, ataamini kwamba mtendaji anawajibika kwa walio juu yake tu. Mtendaji naye, akiitazama kila siku, anaweza kuamini hivyo hivyo. Hapo ndipo mchoro unapokuwa na madhara.

Wala si lazima mkubwa awe juu. Mwaka 1855 Daniel McCallum, msimamizi wa reli ya New York na Erie huko Marekani, alitoa mchoro uhesabiwao kuwa miongoni mwa chati za kwanza za aina hii. Ulikuwa kama mmea: rais na wakurugenzi wako chini, penye shina, na njia za reli pamoja na wafanyakazi wake zimechanua kwenda juu. Sisemi kwamba kampuni hiyo ilikuwa ya haki zaidi. Nasema tu kwamba juu na chini ni uchaguzi wa mchoraji.

Isitoshe, tumekwisha kuona gharama ya kuamini orodha kuliko watu. Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kuwagundua watumishi hewa zaidi ya 10,000: majina yaliyokuwa na mishahara bila wafanyakazi. Baadaye yakatokea ya kinyume: watumishi wa darasa la saba walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004 wakaondolewa kazini, hata mwaka 2018 Serikali ikaagiza warejeshwe. Kisanduku kilikuwa na jina bila mtu. Kisha mtu akawapo bila kisanduku.

Sishauri chati zing'olewe. Naomba mambo matatu. Kila chati iandikwe tarehe iliyochapwa, ili msomaji ajue kama aliyetajwa bado yupo. Penye wakuu wawili, ichorwe mistari miwili. Na kila kata ichapiwe ukurasa wake, utundikwe katika ofisi za vijiji vyake, ukiwa na kisanduku cha mkutano mkuu wa kijiji. Kama programu itakataa kukichapa, afisa utumishi akichore kwa kalamu.