Almasi Inaposhindwa na Chuma

Chuma hiki ni kigumu kiasi gani? Jibu la kwanza hutoka kwa tupa. Fundi mkerezaji huipitisha kwenye pete ya beringi iliyokwisha kuchomwa motoni na kuzimwa ndani ya mafuta. Tupa ikiuma, chuma bado ni laini. Ikiteleza kama juu ya kioo, basi hapo pana kazi: kwa kipimo cha Rockwell pete hiyo hufika 60 hivi, na haipungukiwi sana na tupa yenyewe.

Ili kuikereza, mgeni wa kazi atakimbilia ncha ya kukatia ya almasi. Si ndiyo ngumu kuliko vyote? Lakini almasi ni kaboni, na chuma kikishika moto kina uchu wa kaboni. Huinyonya kutoka kwenye ncha, na makali ya bei ghali yakaisha kama sukari kwenye chai.

Dawa ilipatikana Marekani mwaka 1957, pale Robert Wentorf wa General Electric alipoibana boroni naitraidi kwa joto na mgandamizo mkubwa hadi chembe zake zikajipanga kwa mfano wa almasi. Kwa ugumu inaifuata almasi, ila haina kaboni ya kunyang'anywa.

Mtu angedhani mjadala umekwisha. Wapi! Shafti yenye mfereji ubavuni huigonga ncha kila inapozunguka, na ncha ya seramiki, ambayo nayo hutumika kwa chuma kigumu na ni hodari wa kustahimili joto, haivumilii makofi hayo. Hapo hata kabaidi, ambayo Krupp wa Ujerumani waliiuza tangu miaka ya 1920 kwa jina la Widia, kifupi cha "kama almasi", huweza kufaa, mradi chuma kisiwe kigumu kupita kiasi na mwendo upunguzwe.

Na makali hayanolewi yakawa wembe. Ukingo huondolewa kidogo, ukabaki mteremko mwembamba, maana wembe mbele ya chuma kama hicho hubanduka. Maji ya kupozea nayo mara nyingi huachwa: moto hulainisha chuma mbele ya ncha, kisha sehemu yake kubwa huondoka na nyuzi nyekundu zinazoruka. Maji yanayofika kwa kusitasita huipasua ncha.

Pete ikitoka inang'aa, fundi mzuri haitazami kwanza. Huchukua lenzi akakagua ncha. Akikuta kishimo juu ya makali, hupunguza mwendo. Akikuta ubavu umelika sawasawa, hufunga pete ya pili.