Kwa Kuwa, au Wakati? Kusoma Waebrania 6:6

Mtu aliyetengwa na kanisa huzisoma Waebrania 6:4-6 kwa hofu. Zinawataja watu walioonja kipawa cha mbinguni kisha wakaanguka, na kusema haiwezekani kuwarudisha kwenye toba. Haiwezekani kabisa? Jibu linategemea sana neno moja la Kigiriki, *anastaurountas*, ambalo ni patisipo, yaani nusu kitenzi, nusu kivumishi.

Kabla yake zimepangwa patisipo tano mfululizo: waliotiwa nuru, walioonja, waliofanywa washirika, walioonja tena, walioanguka. Zote zina umbo la tendo lililokwisha kutokea. King James ya 1611 iliigeuza ya tano kuwa sharti, ikaongeza "kama" ambayo Kigiriki hakina. Union Version yetu ya 1952 ilikuwa makini zaidi: iliandika *wakaanguka*, na ile -ka- inaendeleza orodha tu.

Kisha umbo linabadilika. *Anastaurountas* ni tendo linaloendelea, kumsulubisha Mwana wa Mungu. Patisipo haitaji uhusiano wake na kitenzi kikuu. Msomaji ndiye anayeamua kama ni sababu au ni wakati. Union Version ikaamua: *kwa kuwa*. Ni usomaji halali, na tafsiri nyingi ziko upande huo. Lakini ukisoma kama wakati, watu hawa hawarudishiki wangali wanamsulubisha. Wakiacha je?

Kinachonikera ni kwamba Kiswahili hakikulazimika kuchagua. Tuna -ki-. "Nani atakuajiri ukilewa kila siku?" Hapo kuna sharti, kuna wakati, na sababu imejificha humo humo, mama yeyote anayemgombeza mwanawe hivyo anaeleweka. *Wakimsulubisha* ingebeba mwendelezo wa Kigiriki na kuacha swali lilipo.

Wapo wanaopinga: usomaji wa wakati hausemi kitu, maana ni dhahiri kwamba anayeendelea kumkataa Kristo hajatubu. Hoja ina uzito, na aya ya 8 inaiongezea: ardhi inayozaa miiba mwisho wake ni kuchomwa. Ila aya hiyo hiyo inasema ardhi iko karibu na laana. Karibu. Mwandishi aliyepima neno hilo kwa uangalifu huo angeweza pia kuandika kiunganishi cha sababu, Kigiriki kinavyo tele. Hakukiandika, na anayeomba kurudi kundini leo anakisikia kikisomwa.